SOMO: Presha ya Maji na Mahali pa Kuweka Chujio

Vikundi vingi siku hizi vina pampu ndogo ya petroli pale mtoni, tangi juu ya shamba, na paipu za matone. Baada ya msimu mmoja lawama huanza: "Sukuma ya upande wa chini imekauka. Nani alikuwa zamu?" Mara nyingi hakuna mvivu. Chujio ndilo limewekwa mahali pabaya. Basi tujifunze.

1. Presha yatoka wapi?
Presha ya tangi hutokana na kimo, si ukubwa wa tangi. Kila mita 10 kwenda juu huleta karibu baa 1. Maji yakiwa mita 2 juu ya shamba, mna baa 0.2 tu, tangi liwe la lita 200 au lita 5,000. Halafu paipu nyembamba, kona nyingi na chujio chafu hula presha hiyo wakati maji yanapotembea. Kwa hivyo pimeni mkiwa mmefungua laini zote.

2. Kabla ya pampu
Hapa wekeni chujio la matundu makubwa tu, la kuzuia majani na mawe, na lisilale kwenye matope. Pampu huvuta maji kutoka chini karibu mita 7 hivi, na kule milimani hupungua. Ukiweka chujio laini upande huu, pampu hukosa maji. Italia kama iliyomeza kokoto, na mwishowe itaharibika. Hapo pesa za kikundi zimekwenda.

3. Baada ya tangi
Chujio laini mahali pake ni hapa, kabla ya laini za matone. Toboeni tangi juu kidogo ya sakafu yake ili matope yabaki chini. Kwa kuwa presha ni ndogo, nunueni chujio kubwa. Lile dogo huziba upesi. Fuateni mshale ulio juu yake, na wekeni koki mbele yake ili mfunge maji mnapoliosha.

4. Kupima bila geji
Siku chujio likiwa safi, jazeni ndoo ya lita 20 kutoka paipu iliyo baada ya chujio, tangi likiwa limejaa. Andikeni dakika kwenye daftari. Rudieni kila wiki, tangi likiwa limejaa vile vile. Zilikuwa dakika 2, sasa ni 3? Osheni chujio.

Angalieni: chujio hili huzuia mchanga, haliui vijidudu. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe.

Maswali ya kujadili
- Tangi letu liko mita ngapi juu ya shamba?
- Chujio letu laini liko upande gani wa pampu?
- Nani ataliosha, na siku gani?