Kipimo cha Mikoko: Jawabu kwa Mzazi Aliyeuliza

Katika darasa letu la baada ya Isha lililetwa suala ambalo tumeona haifai kulifungia msikitini, kwa kuwa lawahusu wazazi wengi wa pwani yetu ya kusini, tangu Diani hadi Vanga. Mzee mmoja alisimama akasema: "Sheikh, mwanangu nampeleka skuli akasome. Jana karudi na tope hadi magotini, namwuliza umesoma nini leo, aniambia kalamba jani. Hii ndiyo elimu?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana muulizaji ana haki ya kujibiwa, na sisi wenyewe zamani tulikuwa na fikira kama yake.

Siku ya pili tulikwenda katika skuli hiyo, ambayo ni ndogo na iko karibu na bahari, tukamwomba mwalimu atueleze. Jani alilolilamba mtoto ni la mchu. Mti huu hunywa maji ya chumvi, kisha chumvi huitoa kwa majani yake, na maji yakikauka huonekana chembe nyeupe juu ya jani. Mkoko wenyewe hauna tabia hiyo: sehemu kubwa ya chumvi huizuia mizizini isipande. Basi mwalimu aliwapa watoto jani la mchu na jani la mkoko, akawaambia walambe yote mawili na waandike tofauti waliyoiona. Kisha aliwaonyesha vijiti vilivyosimama topeni chini ya mchu kama kalamu zilizochomekwa, akawaeleza kuwa hivyo ni mizizi inayopanda juu kutafuta hewa, kwa sababu ndani ya tope hewa ni haba. Walipochimba kidogo walinusa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ndiyo dalili ya uhaba wa hewa, na palipo na uhaba wa hewa majani yaliyoanguka huoza polepole mno.

Twamkumbusha mzee wetu jinsi tulivyosomeshwa sisi. Mwalimu alichora mharagwe ubaoni kwa chaki, tukahifadhi majina ya sehemu zake, tukaulizwa katika mtihani, tukafaulu. Dirisha la darasa lilielekea mikoko, wala hapana aliyetuambia tuitazame. Aliyetuonyesha chumvi juu ya jani la mchu alikuwa mvuvi asiyepata kuingia skuli hata siku moja.

Lakini tope na majani si kiini cha maneno yetu. Kiini ni mali.

Wenyeji wanajua kuwa mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa sana katika miaka ya 1970, kuni zikenda kuchomea chokaa na matofali. Pakabaki viwanja vitupu vya matope, hata mwaka 1991 wataalamu wa mambo ya bahari pamoja na wanakijiji wakaanza kuipanda upya. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 za msitu huo kwa mapatano ya miaka 20. Kinachouzwa si boriti wala kuni. Kinachouzwa ni hesabu ya hewa ya ukaa ambayo msitu umeivuta, au ambayo ingalitoka lau miti ingalikatwa: kiasi cha tani 3,000 kila mwaka. Fedha zake zimeingia katika maji ya kijiji, na katika vitabu na majengo ya skuli. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 ndugu zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao, wenye hekta zipatazo 460.

Hapo ndipo jamaa wengine hutuuliza: yawezekanaje mtu kuuza hewa? Ni suala zuri, kwani sisi twajua kuwa kiuzwacho sharti kijulikane. Hatuuzi samaki aliye baharini wala ndege aliye angani. Walakini hapa pana kitu cha kupimwa, na kipimo chenyewe mtoto wa darasa la sita aweza kukifahamu. Huushika mti, akauzungushia kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Ukiwa ni mkoko, wenye mizizi kama miguu ya buibui, hupima juu kidogo ya mzizi wa mwisho. Mzingo ukiwa sentimita 44, agawanye kwa 22 azidishe kwa 7, apate upana wa sentimita 14. Kutokana na upana wataalamu hukadiria uzito. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Yaani kilo 100 za mti zina kaboni kiasi cha kilo 50, nayo imetoka katika hewa ya ukaa ya kilo zipatazo 180. Mti ukichomwa, hewa ile hurudi ilikotoka. Na katika msitu wa mikoko kaboni iliyo nyingi zaidi imo topeni, katika yale majani yasiyooza upesi. Kwa hiyo mtoto aliyenusa tope alikuwa akinusa hazina ya kijiji chake.

Hatusemi kwamba hesabu ya watoto ndiyo itakayopelekwa kwa wanunuzi. Hiyo ina watu wake waliofunzwa. Twasema kwamba muuzaji katika biashara hii ni kijiji, na mwenye mali asiyeijua pishi ya mali yake hupokea atakachopewa na kushukuru. Leo wanakamati wa miradi hii ni watu wazima. Baada ya miaka 20 watakuwa ni hawa wenye tope magotini. Akija mgeni na makaratasi akasema hekta moja ina kadha wa kadha, yafaa awepo miongoni mwetu wa kumwambia: twende tukapige mraba wa mita 10 kwa 10, tuhesabu.

Lililobaki ni mambo ya wakati na mavazi. Wazazi wamelalamika, na wana haki, kwamba mtaala huu mpya huwatuma dukani kila wiki kununua hiki na kile. Somo hili halitaki ila kamba, tepu ya kupimia, daftari na nguo kuukuu. Ama madrasa, mwalimu wa Kurani alichelea kuwa watoto watakosa chuo cha alasiri. Tulihesabu pamoja naye. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndani ya saa za skuli. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, hata baada ya juma moja kupwa kukawa alasiri. Basi mwalimu wa skuli ataangalia tarehe za mwezi wetu kabla ya kupanga safari. Na wasichana waende pia. Daraja la mbao la Gazi linalopita ndani ya mikoko liko mikononi mwa akina mama, na wageni huja kulitembelea.

Yule mzee alitusikiliza hadi mwisho. Yeye ni fundi cherehani, na juma lililofuata alimpa mwanawe tepu yake ya dukani aende nayo, kwa sharti ioshwe kwa maji baridi kabla ya kurudishwa.