Maneno Yasiyosomwa Kama Yaandikwavyo

1. Mtoto na jembe la plau

Sola ni mahali katika nchi ya Wasukuma, katika mkoa wa Simiyu, ambao mji wake mkuu ni Bariadi. Watu wa huko ni wakulima na wafugaji. Hulima pamba na mahindi na mtama, na wakati wa kulima wengi wao hufunga ng'ombe majembe ya plau. Hebu tumfikirie mtoto mmoja wa huko, mwanafunzi kama ninyi. Katika somo hili hatumpi jina, kwa maana aweza kuwa mmoja wenu.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza, "cough", maana yake kukohoa. Akawafundisha watoto kwamba husomwa "kofu". Kisha akaandika neno la pili, "plough", akauliza, "Nani awezaye kulisoma hili?" Mtoto yule akatazama, akaona ya kuwa mwisho wa neno hili ni sawasawa na mwisho wa lile la kwanza. Akainua mkono kwa furaha, akasema kwa sauti kuu, "Plofu!"

Darasa zima likacheka. Walipotoka nje wakamwita Plofu. Kesho yake wakamwita Plofu tena, na kisimani hata watoto wadogo wasiojua asili ya jina hilo wakamwita Plofu. Siku ya kwanza alicheka pamoja nao. Siku ya pili alitabasamu tu. Siku ya tatu hakutabasamu, na tangu siku hiyo hakuinua mkono tena darasani. Hata neno alilolijua vema, alilimeza.

Sasa fikirini, je, mtoto huyu alikosa kwa ujinga? La, hasha! Alikosa kwa sababu alifikiri. Alichukua jambo alilofundishwa, akalitumia katika jambo jipya, na hivyo ndivyo afanyavyo kila mwenye akili. Waliomcheka hawakukosa neno lolote, kwa maana hawakujaribu neno lolote. Kosa halikuwa katika akili ya mtoto, bali lilikuwa katika maendelezo ya Kiingereza. Basi na tutazame jinsi maendelezo hayo yalivyoharibika.

2. Asili ya matata

Kiingereza kina herufi 26, lakini sauti zake ni karibu 44. Kwa hiyo herufi moja hulazimika kufanya kazi ya sauti nyingi, kama mtumishi mmoja katika nyumba yenye mabwana wawili. Lakini hiyo si sababu peke yake.

Hapo kale Waingereza waliandika karibu kama walivyosema. Katika neno "knife", yaani kisu, walitamka ile K ya mwanzo. Neno "name", yaani jina, walilitamka karibu kama sisi tungalivyolisoma, "na-me". Mwaka 1476 William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa katika Uingereza, akauweka Westminster. Tangu hapo vitabu vikawa vingi, na maendelezo ya maneno yakaanza kukaa mahali pamoja. Lakini ndimi za watu hazikukaa. Kati ya miaka ya 1400 na 1700, au karibu na hapo, Waingereza waligeuza sana sauti za irabu zao, wakaacha na kutamka baadhi ya herufi. Ndipo ikawa maneno yaliyoandikwa yamebaki nyuma, na maneno yanayosemwa yamekwenda mbele.

Basi mtoto asomaye "na-me" mbele ya darasa hasemi upuuzi. Asoma karibu kama Mwingereza wa miaka mia sita iliyopita. Kosa lake ni kuchelewa tu!

Tena wataalamu wao wenyewe waliongeza matata. Neno la deni liliandikwa zamani "dette". Wapenda Kilatini wakakumbuka kwamba Warumi walisema "debitum", basi wakatia B katikati, wakaandika "debt". Lakini hakuna aliyeitamka B hiyo, hata leo. Neno la kisiwa liliandikwa "iland", wakatia S, wakidhani latoka katika neno la Kilatini "insula", kumbe halitoki huko. Hata leo kila mtoto ajifunzaye Kiingereza hubeba mzigo wa S hiyo, ambayo ilitiwa kwa kosa. Basi mwajua sasa ya kuwa hata wataalamu hukosa, na makosa yao hupigwa chapa.

Wako waliojaribu kutengeneza mambo. Noah Webster wa Marekani alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na Wamarekani wakafuata baadhi ya mashauri yake. Ndiyo sababu wao huandika "color" mahali Waingereza waandikapo "colour". Mwaka 1906 Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, aliamuru maneno 300 yaandikwe kwa namna iliyo nyepesi zaidi katika hati za serikali. Magazeti yakamcheka, Bunge likakataa, naye akaiacha amri yake. Rais mwenye majeshi na manowari alishindwa na herufi. Je, mtoto mmoja wa Sola akishindwa na neno moja, ni ajabu gani?

3. Kiswahili nacho

Labda mtauliza, "Mbona Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo?" Hiyo si bahati tu. Kwa miaka mingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Walipokuja wageni wa Ulaya, kila mmoja alikiandika kwa herufi za Kirumi kwa kufuata desturi ya nchi yake. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika "Suahili". Wajerumani waliandika "Muansa" kwa Mwanza, na "Kilimandscharo" kwa Kilimanjaro. Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Unguja, alitoa mwaka 1870 kitabu cha kufundisha Kiswahili, naye alifuata kanuni moja nzuri: konsonanti zitamkwe kama za Kiingereza, na irabu kama za Kitaliano. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ili vitabu vya shule viwe na maendelezo mamoja. Sisi tumekula matunda ya kazi hiyo.

Kwa hiyo, neno la kigeni liingiapo katika Kiswahili huvuliwa herufi zake za bure mlangoni, likaingia na sauti tu. Mkulima auzapo pamba hupewa risiti. Kwa Kiingereza neno hilo lina P isiyosikika, "receipt". Hutia saini, na kwa Kiingereza neno hilo lina G isiyosikika, "sign". Hurudi nyumbani akaiweka risiti katika kabati, neno ambalo Kiingereza chake, "cupboard", lina P iliyolala usingizi. Katika jeshi yuko kanali. Waingereza huandika "colonel", lakini hutamka kama kwamba kuna R katikati, wala hakuna. Na neno "shule" tulilipokea kwa Wajerumani, waandikao "Schule". Wenzetu wa Unguja walilipokea kwa Waingereza, wakasema "skuli".

Tena tunayo alama moja ambayo Waingereza hawana. Sisi twaandika "ng'ombe" kwa alama juu, na "ngoma" pasipo alama, ili msomaji ajue tofauti ya sauti. Kiingereza huandika "singer", yaani mwimbaji, na "finger", yaani kidole, kwa herufi zile zile NG. Lakini katika neno la kwanza sauti ni ile ya ng'ombe, na katika la pili ni ile ya ngoma. Mwingereza hana alama ya kumwonya mgeni. Mtoto wa Kisukuma, azoeaye kusikia "ng'wana" nyumbani tangu kuzaliwa, aweza kuitamka "singer" vizuri kuliko wageni wengi.

4. Sheria za utani

Lakini tusijivune. Katika Kisukuma cha asili hamna sauti ya R, na kwa hiyo wengi wetu tuandikapo Kiswahili huchanganya R na L. Mtu akimwandikia rafiki yake, "Njoo kesho kwetu kwenye kalamu," rafiki huweza kujibu, "Nitakuja, nami nitaleta wino." Aliyeandika hucheka, kisha hakosi tena kuandika "karamu". Huo ni utani mwema, kwa maana umefundisha, na urafiki umebaki.

Wasukuma wanajua sana mambo ya kutaniana. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya kumi na tisa. Baada ya mavuno hukutana uwanjani, na kila upande huimba nyimbo za kujisifu na za kuwabeza wenzao, na watu hukimbilia upande ulio bora. Lakini wote wawili huimba. Haiwi upande mmoja uimbe sikuzote, na mwingine ukae kimya na kuchekwa.

Katika Biblia, Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twasoma habari za kicheko kilichogeuka kuwa upanga. Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakamwambia kila apitaye aseme neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kuitamka ile sauti ya kwanza, wakasema "Sibolethi", nao wakauawa, watu 42,000. Walikufa kwa ajili ya herufi. Sisi hatuuani hivyo darasani, lakini aliyechekwa hata akanyamaza, kitu fulani ndani yake kimekufa. Naye akifika shule ya sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, kimya chake kitamgharimu sana. Asiyethubutu kuuliza neno la Kiingereza hataelewa hesabu, wala sayansi.

Basi shikeni sheria tatu. Kwanza, mtanie yule tu awezaye kukutania nawe. Pili, ukilicheka kosa, mwonyeshe mwenzako neno lililo sahihi. Usipolijua, usicheke. Tatu, mwenzako akiacha kucheka, nawe acha.

5. Babu na mjukuu

Jioni moja babu yake mtoto yule alisikia wapitao njiani wakiita, "Plofu!" Akamwuliza mjukuu wake maana yake. Mtoto akaeleza kwa aibu, akiandika neno lile mchangani kwa kijiti.

Babu akacheka, akaonyesha plau lililoegemezwa ukutani. Akasema, "Chombo kile nimekishika tangu ujana wangu, nacho kimewalisha baba yako na wewe. Jina lake nalitamka kila siku, lakini kuliandika sijui. Wewe wajua herufi zake zote sita. Kilichokupotea ni sauti tu, nami ninayo. Haya, tubadilishane!" Mtoto akamfundisha babu herufi sita mchangani, na babu akakosa mara tatu. Mtoto akamtania, babu akamtania naye, hata giza likaingia.

Kesho yake mwalimu akaandika neno jipya, "rough". Darasa likawa kimya, kwa maana kila mmoja aliogopa kupewa jina. Mtoto yule akafikiri, "Ikiwa plough ni plau, basi hili ni rau." Akainua mkono, mara ya kwanza tangu siku nyingi, akasema, "Rau!"

Mwalimu akasema, "Sivyo." Watoto wakatazamana. Lakini kabla hawajacheka, yeye mwenyewe akacheka kwanza, akasema, "Basi tangu leo mimi ni Rau, na jina la Plofu li wazi. Nani alitakaye?" Darasa zima likacheka pamoja naye. Mikono mingi ikainuliwa. Mmoja akasema "ro", mwingine akasema "ruu", na wote wakakosa.

Ndipo mwalimu akasema, "Neno hili mwalitumia uwanjani kila siku. Mtu akimpiga mwenzake miguu katika mpira, mwamwambia amecheza nini?"

"Rafu!" wakaitikia wote.

Mwalimu akasema, "Ndilo hilo. Mlikuwa nalo siku zote." Kisha akaandika ubaoni mithali hii ya wazee: Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Maulizo

1. Kwa nini mtoto alisoma "plough" kama "plofu"? Je, alikuwa na sababu njema?
2. Herufi B iliingiaje katika neno "debt", na S katika neno "island"?
3. Eleza tofauti ya sauti ya NG katika "singer" na "finger". Sisi huonyeshaje tofauti hiyo?
4. Taja maneno matano ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiingereza, kisha uyaendeleze kwa Kiingereza. Ni herufi zipi zisizosikika?
5. Taja sheria tatu za utani. Je, watoto waliomwita mwenzao Plofu walivunja sheria ipi?
6. Andika habari fupi ya kosa ulilolifanya wewe katika kusoma au kuandika, na jinsi ulivyojifunza. Msomee mwenzako, naye akusomee lake.