Daktari Akichaguliwa Bungeni: Maswali Kuhusu Dk. Dai Lloyd wa Wales

Wales ni nchi ndogo ndani ya Ufalme wa Muungano, yenye wakazi wapatao milioni tatu. Safari ya kisiasa ya Dk. Dai Lloyd, daktari wa familia kutoka Swansea, inaonyesha vizuri jinsi bunge la nchi hiyo linavyofanya kazi, na pia linavyoweza kumpandisha na kumshusha mtu.

Dai Lloyd ni nani?

Ni daktari aliyesomea Cardiff, mji mkuu wa Wales, kisha akatibu wagonjwa katika kitongoji cha Fforestfach, Swansea. Mwaka 1998 alichaguliwa diwani wa jiji hilo. Mwaka uliofuata akaingia katika bunge jipya la Wales kwa tiketi ya Plaid Cymru, chama kinachotaka Wales ijitawale kikamilifu. Alikuwa mbunge kuanzia 1999 hadi 2011, akakaa nje miaka mitano, akarudi mwaka 2016 na kutumikia hadi 2021.

Bunge hilo lilitoka wapi?

Lilitokana na kura ya maoni ya Septemba 1997, ambapo upande wa "ndiyo" ulishinda kwa asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Mei 1999. Mwanzoni mamlaka yake ya kutunga sheria yalikuwa finyu; yalipanuliwa baada ya kura nyingine ya maoni mwaka 2011. Tangu 2020 linaitwa rasmi Senedd Cymru. Ulinzi na mambo ya nje yamebaki London. Afya, elimu na serikali za mitaa huamuliwa Cardiff.

Je, alikuwa mbunge wa jimbo?

Hapana, alikuwa mbunge wa kanda. Hadi 2021, mpiga kura wa Wales alipiga kura mbili: moja ya mgombea wa jimbo lake, nyingine ya chama katika kanda yake. Majimbo yalitoa wabunge 40, na kanda tano zikatoa 20, wanne kila moja. Viti vya kanda viligawiwa kwa hesabu inayozingatia viti ambavyo chama kimeshapata majimboni, ili chama chenye kura nyingi lakini kisicho na jimbo kisitoke mikono mitupu. Msomaji wa Tanzania asivichanganye na viti maalumu: havikutengwa kwa ajili ya wanawake wala kundi lolote, na majina ya wagombea wa chama yalikuwa kwenye orodha yake kabla ya kura kupigwa.

Kwa nini alipoteza kiti mwaka 2011?

Kanda yake, Kusini Magharibi mwa Wales, ilikuwa na majimbo saba, na kuanzia 1999 hadi 2016 chama cha Labour kilishinda yote saba katika kila uchaguzi mkuu. Plaid Cymru ilitegemea kura za kanda. Ilipopata viti viwili, Lloyd aliingia. Mwaka 2011 ilipata kimoja tu, kikaenda kwa aliyekuwa juu yake kwenye orodha. Mwaka 2016 chama kilirudisha viti viwili, naye akarudi. Mbunge wa orodha anaweza kufanya kazi nzuri na bado akaanguka, kwa sababu anategemea kura za chama chake na nafasi aliyopangiwa humo.

Udaktari ulimsaidia nini bungeni?

Afya na huduma za jamii hula karibu nusu ya bajeti ya serikali ya Wales, hivyo mtu anayejua zahanati kwa ndani hakosi la kuuliza. Kuanzia 2016 hadi 2021 Lloyd aliongoza kamati ya afya, huduma za jamii na michezo. Kamati hiyo ilichunguza upweke wa wazee na jinsi ya kuzuia watu kujiua, na ilipitia muswada uliokuja kuwa sheria ya 2018 ya bei ya chini kabisa ya pombe, iliyoanza kutumika Machi 2020.

Hata hivyo, mwenyekiti wa kamati haendeshi hospitali. Humwita waziri, huhoji, hupendekeza. Anayeamua ni waziri. Daktari mwingine wa familia, Brian Gibbons wa Labour, aliwahi kuwa waziri wa afya wa Wales kati ya 2005 na 2007. Yeye alikuwa upande wa serikali, ambako lawama za foleni ndefu hospitalini humwangukia waziri mwenyewe.

Je, aliacha sheria yoyote?

Ndiyo. Mwaka 2010 bunge lilipitisha sheria aliyoipendekeza, inayozitaka halmashauri zisikilize wananchi kabla ya kuuza viwanja vya michezo. Kanuni za kuitekeleza zilianza mwaka 2015, miaka mitano baadaye. Pendekezo lake jingine, la kulinda majina ya kihistoria ya mahali, lilikataliwa kwa kura mwaka 2017.

Mgonjwa mwenye malalamiko aende kwa mbunge daktari?

Mbunge, hata akiwa daktari, hawezi kubadilisha dawa wala kumsogeza mtu mbele kwenye foleni. Malalamiko ya matibabu huanzia bodi ya afya ya eneo. Wales ina bodi saba. Mlalamikaji asiporidhika, hupeleka shauri kwa ombudsmani (mchunguzi huru wa malalamiko) wa huduma za umma. Mbunge huandika barua, hufuatilia majibu, na huuliza bungeni pale tatizo la mtu mmoja linapoonekana kuwa la wengi.

Je, njia aliyopitia bado ipo?

Haipo. Sheria ya 2024 iliondoa mfumo wa kura mbili. Kuanzia uchaguzi wa 2026, bunge lina wabunge 96 kutoka majimbo 16, sita kila jimbo, na vyama hugombea viti hivyo kwa orodha. Daktari anayetaka kumfuata Lloyd lazima kwanza akishawishi chama chake kimweke juu kwenye orodha.