Taka Kuwa Kuni za Saruji: Maswali na Majibu

Saruji inahitaji moto wa aina gani?
Mawe ya chokaa na udongo mfinyanzi husagwa, kisha unga wake huchomwa kwenye tanuri refu linalozunguka hadi ufikie nyuzijoto 1,450. Hapo hugeuka klinka, vidonge vigumu vya kijivu vinavyosagwa na jasi kidogo kupata saruji. Mwali wenyewe hukaribia nyuzijoto 2,000. Kwa kawaida hulishwa makaa ya mawe.

Taka zipi zinafaa kushika nafasi ya makaa?
Zilizo kavu na zinazotoa joto la kutosha. Kiwanda cha Hima, wilayani Kasese, Uganda, kimetumia maganda ya kahawa. Pumba za mpunga nazo zinafaa, na majivu yake yenye silika huingia kwenye klinka. Tairi chakavu ni bora zaidi: raba yake hutoa joto linalokaribia la makaa ya mawe au kulizidi, na waya zake huipa klinka madini ya chuma ambayo kiwanda kingenunua.

Moshi wake si sumu?
Tairi likichomwa jalalani, moto wake ni hafifu na sumu huenda moja kwa moja kwenye mapafu ya watu. Ndani ya tanuri, gesi hukaa sekunde kadhaa kwenye joto kali, na chokaa hunasa asidi. Lakini taka zisiingizwe tanuri likiwa linawashwa au linazimwa. Zebaki haiteketei kwa moto wowote. Hupanda na moshi. Kwa hiyo betri na taa za mirija zitolewe mapema. Plastiki ya PVC nayo ina klorini inayotengeneza chumvi na kuziba njia za gesi.

Hewa ukaa itapungua?
Kwa sehemu tu. Takriban asilimia 60 hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, na kubadili kuni hakuigusi. Pumba na maganda husaidia kweli. Plastiki haisaidii hivyo, kwani ni mafuta ya petroli kwa sura nyingine.

Mbona taka za miji yetu hazitumiki zaidi?
Zimejaa maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, na moto hupotea kukausha maji. Ujerumani, ambako zaidi ya nusu ya joto la matanuri hutoka kwenye taka, hutenganisha kwanza. Nasi tuanzie nyumbani na sokoni: mabaki ya chakula yawe mboji, chupa zirejelezwe, na kisichofaa kwingine ndicho kiende tanurini. Wazoa taka walipwe kwa kazi hiyo.

Ninaishi karibu na kiwanda. Nidai nini?
Dai kujua kinachochomwa, nani anakikagua, na vipimo vya moshi vinasemaje. Ulaya, sumu za moshi ziitwazo dioksini haziruhusiwi kuzidi nanogramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Kiwanda kinachoficha vipimo vyake kisipewe taka za mji.