Anza na boksi: amplifaya ya besi na spika yake kwa shughuli ndogo za Ufipa

Mpiga besi wa hapa Sumbawanga akitaka kununua vyombo, swali lake la kwanza huwa hilohilo: amplifaya ya wati ngapi inatosha? Mimi humrudishia swali: boksi lako limeandikwa nini mgongoni? Wengi hawajawahi kuligeuza wakaangalia. Na humo mgongoni ndimo jibu lilimo, kwa sababu amplifaya inachaguliwa kufuata boksi.

Shughuli ndogo ninazozisema mnazijua. Sendofu ya watu mia mbili pale Majengo au Kizwite, kipaimara, jubilei ya parokia, kwaya ya kigango, baa yenye ua wa bati. Kuanzia mjini tunakwenda Matai, Laela, Namanyere, na mara nyingine tunashuka bondeni hadi Muze. Kokote huko vyombo unabeba mwenyewe. Wenzetu wa zamani Dar es Salaam walikuwa na afadhali: NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mpiga besi alifika kazini akakuta amplifaya imeshapangwa. Sisi tunaipakia kwenye Noah pamoja na ngoma, kinanda na wanakwaya, kwa hiyo uzito nao ni sifa ya chombo.

Tuanze na omu. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme unaotoka kwenye amplifaya. Namba ikishuka, amplifaya inasukuma umeme mwingi zaidi, inatoa wati nyingi zaidi, na inachemka zaidi. Ndiyo maana nyuma ya kila amplifaya pameandikwa omu za chini kabisa inazoruhusu, kwa kawaida 4, chache 2. Hapo ndipo mwisho. Ukishuka chini yake huongezi nguvu, unatafuta moshi.

Chukua Hartke HA3500, chombo cha siku nyingi. Kwa omu 4 inatoa wati 350, kwa omu 8 inatoa 240. Amplifaya ni ileile, wati zinabadilika kwa sababu ya boksi. Kwa hiyo mtu akikuambia "yangu ya wati 350" halafu ana boksi moja la omu 8, anapiga na 240. Si hasara kubwa, na nitaeleza kwa nini, ila ni vizuri ajue.

Hesabu ya maboksi mawili haina ugumu. Mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi zinakataa. Boksi la 8 na la 4 kwa pamoja ni omu 2.67, tena lile la 4 linakula wati mara mbili ya mwenzake, kwa hiyo moja linalia na jingine linanong'ona. Na usidanganyike na yale matundu mawili ya spika nyuma ya amplifaya ukadhani kila moja lina nguvu zake. Kwenye amplifaya karibu zote za besi yameungwa sambamba kwa ndani. Kuchomeka boksi la pili huku au kuliunga kupitia boksi la kwanza ni jambo lilelile.

Anayetumia power amplifaya ya muziki wa ukumbini, ile ya chaneli mbili, awe makini na swichi ya "bridge". Ukiunganisha chaneli mbili ziwe moja, kila chaneli inaliona boksi kama nusu ya omu zake. Boksi la omu 4 linageuka kuwa 2 kwa kila upande. Mafundi wengi wanaoletewa power iliyoungua wanasimulia habari hiyohiyo.

Amplifaya za vali zina sheria zake. Zina transfoma ya kutolea sauti ambayo inataka omu sawasawa na swichi ilivyowekwa, na kuziwasha bila spika kunaweza kuiua transfoma hiyo. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 za vali, ilitengenezewa maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Sauti yake haina mfano. Lakini simjui kijana wa kulipandisha boksi hilo juu ya Coaster ya Namanyere.

Sasa wati, na hapa ndipo pesa za vikundi vinavyoanza zinapopotea. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea spika waliyochangishana, kasha lake bado jipya, limeandikwa wati 5,000 kwa herufi za dhahabu.

"Kaka, elfu tano hizi, mbona nikichomeka besi inakoroma?"

"Mwalimu, shikamoo. Hebu tuigeuze kwanza."

Kibati cha nyuma kilisema kinakula wati 120 za umeme. Chombo kinachovuta wati 120 ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti mfululizo. Hata 120 zenyewe hakizifikishi, maana sehemu inageuka joto. Ile namba ya dhahabu ilikuwa PMPO, hesabu ya kilele cha kufikirika ambayo kila kiwanda kinaipika kivyake. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani wati ambazo chombo kinazihimili kwa muda mrefu. Kama RMS haikuandikwa popote, kibati cha umeme kitakupa picha ya ukweli.

Kati ya boksi na amplifaya, napenda RMS ya boksi iwe sawa na ya amplifaya au izidi kidogo. Amplifaya ikizidi haidhuru, ilimradi mkono wako una adabu. Watu wanadhani spika hufa kwa joto la koili peke yake. Kwa besi, mara nyingi koni inatupwa mbele na nyuma kupita mwendo wake, hasa kwenye sauti za chini sana ambazo boksi halina uwezo nazo. Utaisikia: inapiga kofi, tap tap, kama mtu anagonga meza kwa kiganja. Ukisikia hivyo punguza besi kwenye amplifaya kabla hujagusa volyumu.

Kuna namba nyingine ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa na ndiyo ningeisoma ya kwanza: desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukisimama mita 1. Ukitaka kuongeza desibeli 3 kwa amplifaya, lazima uzidishe wati mara mbili. Kwa hiyo boksi la desibeli 99 ukilipa wati 100 litalia sawa na boksi la desibeli 93 lililopewa wati 400. Tafsiri yake kwenye mfuko ni kwamba boksi zuri linakuokolea amplifaya nzima. Ndiyo sababu tofauti ya 350 na 240 kwenye ile Hartke hainisumbui. Haifiki hata desibeli 2. Lakini ukiongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza, unapata eneo la koni mara mbili na wati za ziada kwa pamoja, jumla hadi desibeli 5 au karibu 6. Hiyo watu wa meza za nyuma wanaisikia.

Inchi 15 au inchi 10 mbili? Ubishi huu hauishi. Waya mnene kuliko zote, E, unalia hertz 41, na besi ya nyaya tano inashuka hadi 31. Maboksi madogo mengi, yawe ya 10 au ya 15, hayatoi hertz 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Sikio linaijenga noti kutokana na sauti zake za juu, za hertz 82 na zaidi. Kwa hiyo usihangaike kukuza kitufe cha besi hadi mwisho. Kuza kidogo eneo la hertz 100 hadi 250, besi itajaa na spika itapumzika. Kwa rumba na kwa kalindula inayotufikia kutoka Zambia, ambako besi inaongea na gitaa la solo badala ya kujificha nyuma, mimi huchukua spika mbili za inchi 10. Zinasema kila noti waziwazi. Kwa kwaya inayotaka besi nzito ya kusindikiza kinanda, 15 moja inatosha na ni rahisi kwa fundi kubadilisha.

Ukitengenezesha boksi kwa seremala, na wengi hapa tunatengenezesha, mpe vipimo vya spika yenyewe, usimpe picha ya simu. Spika ya inchi 15 mara nyingi inataka ujazo wa lita 90 hadi 120, na tundu la hewa linahesabiwa kwa spika ile, halikatwi kwa macho. Plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kiungo, skrubu kwa karibu. MDF ikate kabisa kwenye mipango yako. Mvua za Novemba hadi Aprili zikiikuta nyuma ya pikapu inavimba.

Na kabla hujalipa, kagua. Chomoa boksi, weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za waya. Spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 6.5, ya omu 4 itasoma kama 3 na kitu. Usishangae namba kuwa ndogo, mita inapima umeme wa moja kwa moja, si wa muziki. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, koili imekwisha. Kisha chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, hasi kwa hasi, kwa nukta moja tu. Koni inatakiwa iruke mbele, kuja kwako. Fanya hivyo kwa kila spika. Moja ikirudi nyuma wakati mwenzake anaruka mbele, nyaya zimepishana, na ukizipiga pamoja zitauana besi: utaongeza volyumu na tumbo la muziki halitakuja. Nimeona kikundi kinapanga kununua amplifaya mpya, kumbe ilikuwa kupindua nyaya mbili.

Waya wa spika uwe waya wa spika. Ule wa gitaa unaingia kwenye tundu lilelile la jeki, lakini ndani uzi wake ni mwembamba na umezungushiwa ngao. Unapata moto na unaweza kuisumbua amplifaya. Kama chombo chako kina tundu la Speakon, tumia hilo. Likishajifunga halichomoki hata mtoto akijikwaa.

Umeme wetu, tulioununua kwa miaka mingi kutoka upande wa Zambia, kila mpigaji ana hadithi yake. Pima soketi kabla ya kuchomeka. Ikiwa chini sana ya volti 230, amplifaya nzito yenye transfoma itapiga kwa unyonge, na zile nyepesi za kisasa zinaweza kujizima katikati ya wimbo wa kuingiza maharusi. Kwa jenereta, la kVA 2.5 linabeba amplifaya ya besi, miksa na kinanda bila jasho, ila liache lizoee kwanza ndipo uwashe amplifaya, na mwisho wa shughuli zima amplifaya kabla ya jenereta. Radi ikianza kunguruma juu ya milima ya Mbizi, chomoa kila kitu, mgeni rasmi atasubiri.

Jambo moja la hapa ambalo vitabu vya vyombo haviliandiki: tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko Dar es Salaam. Feni ya amplifaya inasukuma hewa nyepesi, inapooza kidogo kuliko ilivyokusudiwa, na spika nayo inapoteza zaidi kidogo ya desibeli 1. Baridi ya Juni na Julai inatusaidia. Ukishuka Muze hewa inanenepa lakini joto linapanda, kwa hiyo usiifunike amplifaya kwa kitenge cha mapambo hata kama kamati imesisitiza.

Ukumbini weka boksi sakafuni, karibu na ukuta; ukuta unarudisha besi mbele bure. Kwenye kanisa la matofali ya kuchoma na paa la bati, tafuta noti inayotetemesha bati kisha punguza eneo lake. Nje, chini ya turubai, hakuna ukuta wa kukusaidia, na hapo ndipo boksi la pili linapotakiwa.

Ndiyo maana mwenye pesa ya kitu kimoja msimu huu wa mavuno ningemwambia anunue boksi moja zuri la omu 8, si la omu 4, halafu apige na amplifaya ya kuazima. La omu 4 linaikamua amplifaya leo, lakini linakufungia mlango wa la pili. La omu 8 likipata pacha wake mwakani, unafika omu 4 pale amplifaya nyingi zinapotoa nguvu zake zote, na kwa shughuli ya ndani unaliacha moja nyumbani, Noah ikabaki na nafasi ya mpiga ngoma.