Umeme wa Mawinguni

Mawingu mazito yanapotanda juu ya Mpepai, wilayani Mbinga, utaona umeme, kisha utasikia ngurumo. Wako wasemao kwamba radi hutumwa na mtu mwenye chuki. Sivyo. Chembe za barafu hugongana ndani ya wingu, nalo hujaa umeme. Umeme huo ukizidi, huweza kuruka hadi ardhini. Nchini Ufaransa, mwaka 1752, fimbo ndefu ya chuma ilisimamishwa wima; mawingu ya radi yalipopita, ilitoa cheche. Mwaka 1753 mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi nchini Urusi akichunguza umeme huo. Usijaribu kamwe jaribio hilo.

Kazi: Ukiwa ndani ya nyumba, hesabu sekunde toka umeme hadi ngurumo. Gawanya kwa 3. Radi iko umbali wa kilometa ngapi?

Kumbuka: Usijikinge radi chini ya mti.