Kabla ya Kupokea Gari la Nchi Kavu na Majini, Tuulize Habari za Cheni



Somo la kamati katika toleo hili linahusu kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika: kikaza cheni. Tumelichagua kwa sababu tangu mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 tumeulizwa mara kadhaa, na wafadhili na kamati za sharika pia, kama yale magari madogo ya magurudumu sita au manane yanayotembea nchi kavu na kuelea majini yanafaa kwa mitaa ya bondeni. Jibu letu ni kwamba yanaweza kufaa, ila tumejifunza kwa gharama kwamba uhai wa gari la namna hii uko kwenye cheni zake.

Bwana Yesu alifundisha kwa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Sisi tulipopewa gari letu tulihesabu mafuta, dereva na bima. Cheni hatukuzihesabu.

Gari hili linafanyaje kazi?

Magari haya yalianzia Canada. Jiger ilitokea mwaka 1961, na Argo, inayotengenezwa katika jimbo la Ontario, mwaka 1967. Bodi yake imeundwa kama mtumbwi, na matairi yake ni mapana, yenye upepo kidogo. Kwa kawaida halina springi za kubebea magurudumu. Matairi ndiyo yanayolainisha njia, na likiingia majini, vidole vya matairi hayohayo hupiga maji na kulisukuma.

Ndani ya bodi, injini huzungusha giaboksi, na kutoka giaboksi cheni huenda upande wa kushoto na upande wa kulia, zikiunganisha ekseli moja hadi nyingine. Magurudumu hayapindi kama ya gari la kawaida. Dereva akitaka kwenda kushoto hufunga breki upande wa kushoto, na upande wa kulia unaendelea kusukuma. Ndiyo maana cheni za upande mmoja zikishindwa, gari haliendi mbele. Linazunguka mahali pamoja.

Yaliyotupata

Gari letu lilikuwa limetumika kabla ya kuletwa kwetu. Msimu wa kwanza wa masika lilifanya kazi njema ya kupeleka dawa na chanjo ng'ambo ya maji. Msimu wa pili tulianza kusikia mlio wa kugonga chini ya sakafu. Fundi alifungua akakuta cheni zimelegea na springi ya kikaza imefika mwisho wake. Tulikubaliana kuweka springi ngumu zaidi. Mlio ukaisha, nasi tukaandika kwenye daftari kwamba kikaza kimeboreshwa.

Wiki chache baadaye, likiwa katikati ya maji na muuguzi, mwinjilisti na sanduku la chanjo ndani yake, gari lilikutana na gogo. Dereva akarudi nyuma kwa nguvu. Cheni ya upande wa kushoto iliruka meno, ikakatika. Gari likaanza kuzunguka. Wavuvi waliwafikia kwa mtumbwi, na tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini barafu ya sanduku iliyeyuka, na chanjo hazikuweza kutumika. Akina mama waliokuwa wakisubiri na watoto wao walirudi nyumbani.

Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika kwamba gari liliharibika kwa sababu ya mafuriko. Sentensi ile haikuwa kweli. Maji hayakukata cheni. Tuliikata sisi kwa kutoelewa. Tuliandika barua ya kusahihisha, na somo hili ni sehemu ya masahihisho hayo.

Kwa nini springi ngumu haikusaidia?

Kuna mambo mawili ambayo kila kamati inaweza kuyaelewa.

La kwanza: cheni "hairefuki" kwa chuma kuvutika kama mpira. Kila kiungo kina pini ndani ya bomba dogo. Mchanga na kukosa oili vinasaga pini na bomba hilo, kila kiungo kinaongeza nafasi ndogo, na jumla yake ndiyo urefu tunaouona. Kikaza huondoa ulegevu tu. Uchakavu hakiuponyi. Springi inayojirekebisha yenyewe inaweza hata kuuficha, kwa sababu cheni inaonekana imekaza mpaka siku springi inapofika mwisho.

La pili: cheni ikivuta, upande mmoja hukaza na mwingine hulegea. Kikaza huwekwa upande unaolegea. Gari likirudi nyuma, pande hizo hubadilishana. Sasa upande wenye kikaza ndio unaovutwa; springi inasukumwa na kukubali, na ulegevu wote unahamia upande ambao hauna kitu cha kuushika. Hapo cheni huruka meno. Hali kama hiyo hutokea pia dereva anapofunga breki za upande mmoja ili akate kona, kwa kuwa ardhi inayazungusha magurudumu huku giaboksi ikiyazuia. Kwa hiyo katika gari hili mvuto wa cheni hugeuka mara nyingi kwa siku, hata bila kurudi nyuma.

Aina tatu za vikaza

1. Kipande cha plastiki ngumu kinachosukumwa na bolti. Ni cha bei nafuu na hakirudi nyuma, kwa hiyo kinashika mvuto wa pande zote mbili. Udhaifu wake ni kwamba cheni hukichimba mfereji, hasa kukiwa na tope lenye mchanga. Lazima kikaguliwe na kukazwa kwa mkono.

2. Sproketi ndogo inayozunguka bure juu ya beringi, ikishikwa na bolti. Haisuguani na cheni kama plastiki, hivyo hudumu zaidi. Lakini beringi yake iwe imefungwa vizuri isiingize maji, sproketi ikae katika mstari mmoja na zile nyingine, na angalau meno matatu yashike cheni.

3. Kikaza cha springi. Kinapunguza kazi ya kurekebisha, lakini kinaweza kukubali mvuto unapogeuka. Kikitumika, kiwe na kizuizi cha chuma kinachokizuia kurudi nyuma kupita kiasi.

Sisi tulichagua aina ya pili. Tungekuwa na fedha kidogo zaidi ya zile tulizokuwa nazo, au tusingekuwa nazo kabisa, aina ya kwanza ingetutosha, mradi kuna mtu wa kuikagua. Pamoja na vikaza tulibadilisha cheni na sproketi zake kwa wakati mmoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa huharibika upesi, na hiyo ni fedha ya sadaka iliyotupwa. Pia tuliacha kutumia kiungo cha nusu kufupisha cheni, kwa kuwa ni dhaifu kuliko viungo vingine.

Rula moja inatosha

Kipimo cha uchakavu hakihitaji kompyuta. Zima injini, ondoa ufunguo na uuweke mfukoni mwako, kwa maana cheni haina huruma na vidole. Vuta cheni iwe imenyooka, kisha pima viungo 20, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21.

Cheni ya namba 50 ikiwa mpya, kila kiungo ni milimita 15.875, na viungo 20 ni milimita 317.5. Ikifika 324, imeongezeka kwa asilimia 2, agizeni nyingine. Ikifika 327, imefika asilimia 3. Gari lisiingie majini tena mpaka ibadilishwe.

Sharika zisizo na gari hili zisifunge ukurasa. Pikipiki nyingi za wainjilisti wetu zina cheni ya namba 428, ambayo viungo 20 vikiwa vipya ni milimita 254. Ikifika 259, wakati wake umekwisha, hata kama bado kuna nafasi ya kuikaza.

Kuhusu ulegevu, cheni isikazwe kama waya wa gitaa, maana itakula beringi. Pale ambapo umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 600, tunaruhusu cheni icheze juu na chini, katikati yake, milimita 12 hadi 18 kwa jumla. Kitabu cha mtengenezaji kikitoa kipimo kingine, fuateni hicho. Zungusheni gurudumu na kupima mahali kadhaa, kwa kuwa cheni iliyochakaa haikazi sawa pande zote. Baada ya kila safari ya majini, mwageni maji yaliyoingia ndani ya bodi, kausheni, kisha tieni oili safi ipenye kwenye pini. Girisi nzito ya juu juu hunasa mchanga tu.

Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Tunawaomba jambo moja: mnapotoa gari, toeni pamoja na seti moja ya cheni na sproketi za akiba, kitabu chake, na fungu la matengenezo la miaka miwili ya mwanzo. Zawadi isiyo na vipuri hugeuka mzigo kwa usharika maskini. Nasi tunaahidi kwamba sehemu ya matengenezo katika taarifa zetu itakuwa na vipimo na tarehe, si maneno "gari linaendelea vizuri".

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani ana jukumu la kupima cheni ya pikipiki au mashine yetu, na daftari lake liko wapi?
2. Je, tumewahi kuita "kuboresha" kitu ambacho kilikuwa kunyamazisha mlio tu?
3. Je, kuna taarifa tuliyowahi kuwaandikia wafadhili ambayo inahitaji kusahihishwa?
4. Tukipewa gari kesho, vipuri vyake vitatoka wapi, na kwa fedha ya nani?

Gari letu limerudi kazini. Mwinjilisti yule bado anapanda, ila kabla ya kupanda humwomba dereva amwonyeshe daftari. Tunaona ana haki. Mungu awabariki katika utumishi wenu.